Mjapani, Mjerumani na Mkono wa Kushoto

Katika jiko la hospitali ile, ambalo hulisha wagonjwa mia tatu mara tatu kwa siku, sufuria ni za hospitali, miko ni ya hospitali, hata chumvi ni ya hospitali. Kisu tu ndicho cha mpishi mwenyewe. Anakuja nacho asubuhi kimeviringishwa kwenye kitambaa, anaondoka nacho jioni, na anayethubutu kugusa cha mwenzake atasikia maneno ambayo hata mlevi angeona haya kuyasema.

Mwanamke waliyemwita Chapuchapu alikuwa amekata mboga za jiko hilo kwa miaka ishirini na miwili. Jina hilo hakupewa kwa hisani. Wenzake wakiwa bado wanamenya, yeye ameshakata, ameshafuta ubao, na anawauliza kama wameamka salama. Na alijivuna, tusifichane. Mtu akimsifu alijibu, "Aa, kawaida tu," huku uso mzima umechanua.

Kisha siku moja akateleza. Sakafu ilikuwa na maji, mikononi alikuwa na mfuniko wa sufuria kubwa, akaangukia mkono wa kulia na kifundo kikavunjika mahali pawili. Zikafuata plasta na mazoezi, miezi mitano mizima. Mfupa uliunga vizuri, daktari akausifu, lakini kidole gumba kiligoma. Kushika kikombe kiliweza, kufunga kifungo kiliweza, ila ukikipa kisu, baada ya dakika kumi kilikuwa kimelegea na kisu kiko sakafuni.

Mpishi Mkuu, ambaye kwa umri angeweza kuwa mdogo wake wa mwisho, alimwita ofisini akafunga mlango.

"Dada, mimi sikufukuzi," alisema. "Jumamosi njoo usimame kwenye ubao wako. Ndoo mbili za karoti, moja ya vitunguu, kabichi kumi, kabla ya saa nne. Vipande viwe sawasawa, unajua mwenyewe kwa nini. Ukiweza, nafasi yako ipo. Ukishindwa, utahamia dirishani kugawa sahani."

"Dirishani," alirudia Chapuchapu.

"Mshahara ni ule ule."

"Sikukuuliza mshahara."

Kwa nini vipande viwe sawasawa alijua, kwa kuwa ni yeye aliyewafundisha wengine. Kipande kinene kikichanganyika na chembamba, kimoja kinafika kwa mgonjwa kibichi na kingine kimekuwa uji, na mgonjwa asiye na meno hana wa kumlalamikia. Lakini dirishani! Kule walipelekwa waliochoka. Mtu anasimama hapo, anasukuma sahani, anasema "mwingine", anasukuma sahani, mpaka siku ya kustaafu. Alitoka ofisini akiwa ameshakata shauri: dirishani haendi, liwalo na liwe.

Sasa, kulikuwa na jambo ambalo jikoni hakulijua mtu. Chapuchapu alizaliwa mashoto. Waliojua ni yeye na mama yake tu. Mama alikuwa fundi wa cherehani, tena fundi kweli, na alitaka mwanawe arithi kazi. Mtoto alipofika miaka sita, mama alimpa mkasi na kitambaa chakavu akamwambia afuate mstari wa chaki. Mtoto akashika mkasi kwa kushoto. Kitambaa kikajikunja, kikatafunwa, mstari ukaachwa kando. Akajaribu tena, ikawa vile vile. Mama akaona dawa ni moja. Akachana utepe wa kitambaa, akaufunga mkono wa kushoto wa mtoto kiunoni, na kwa miezi miwili mtoto yule alikula, alichora na alipokea vitu kwa mkono wa kulia. Utepe ulipofunguliwa, mashoto hakuwepo tena. Cherehani hakuipenda hata hivyo, akakimbilia jikoni.

Ule mkono wa kushoto uliamka wakati wa plasta. Kwanza ulikoroga chai. Wiki ya pili ukamenya viazi. Mwezi wa tatu, siku moja asubuhi, ukachukua kisu mezani kabla mwenyewe hajautuma, ukakata kitunguu nusu, ukatulia kana kwamba umekuwa ukifanya kazi hiyo miaka yote. Chapuchapu alitazama nyuma kama kuna mtu ameona, yeye mwanamke wa miaka hamsini na mbili, ndani ya nyumba yake.

Basi mpango wake ulikuwa huo: Jumamosi atakata kwa kushoto. Tatizo lilikuwa kisu. Kile cha zamani kilikuwa kimelika kwa kunolewa mpaka kikawa kama ulimi wa kiatu, na mpini wake wa mbao ulikuwa na kishimo pale gumba la kulia lilipokaa miaka ishirini na miwili. Katika mkono wa kushoto hakikukaa kabisa. Ilikuwa kama kuvaa viatu umebadilisha miguu.

Jumatatu alikwenda na binti yake, mwalimu wa watoto wadogo, kwenye duka la vifaa vya jikoni. Mwenye duka, mtu mpole mwenye miwani iliyoteremka puani, alitandika taulo juu ya kaunta ya kioo akalaza visu viwili.

"Huyu ni Mjerumani," alisema. "Mzito, mgongo wake mnene, mvumilivu. Ukimwangusha atanuna kidogo halafu mtaendelea na kazi. Huyu ni Mjapani, kisu cha mboga hasa. Mwepesi, chuma chake kigumu, makali yake hayana mfano. Lakini ana maringo. Hataki mfupa, hataki kutupwa kwenye sinki, hataki kunolewa na kila mtu."

"Kama wifi yangu," alisema Chapuchapu.

"Mama!" binti alimkanya, huku akicheka.

"Jaribu, mama, shika," alisema mwenye duka, akamnyooshea Mjerumani kwa upande wa mpini na kusogeza kibakuli cha karoti.

Mkono wa kushoto ulianza kuinuka. Lakini nyuma yake walikuwepo wateja wawili, na mwenye duka alikuwa amemnyooshea kisu kwa heshima, kwa mkono wa kulia kama watu wanavyopeana vitu. Ule wa kushoto ukakumbuka adabu ukarudi kwenye mkoba. Ukapokea wa kulia. Mjerumani akakivuta kifundo chini, maumivu yakapanda mpaka kwenye kiwiko. Akamrudisha upesi. Akampokea Mjapani, kwa kulia vile vile, na huyo hata uzito wake haukusikika. Aliweka karoti, akashusha, na kipande kikaanguka chembamba na kimenyooka hivi kwamba ungeweza kusomea gazeti kupitia kwake.

"Huyu huyu," alisema. "Nifungie."

Alirudi nyumbani anaimba. Hata hakuwaza kwamba amechagua kisu kwa mkono ambao hautakata nacho.

Jumanne alianza mazoezi. Alifunga kibwebwe, akaweka ubao juu ya meza ya kulia, akamwaga karoti, na Mjapani akaenda mkono wa kushoto. Karoti ya kwanza ilitoka upande mmoja nene, upande mmoja nyembamba. Ya pili hivyo hivyo. Akapunguza mwendo. Kisu kilishuka kimenyooka, kikifika katikati kinapinda, kana kwamba kuna mtu anakiita. Akakaza mkono, kikapinda zaidi. Alipofika kwenye kabichi, ilikuwa aibu tupu.

Mama yake, ambaye sasa alikuwa na miaka themanini na macho yake yaliona mwanga na vivuli tu, alikaa kwenye kiti chake cha kamba karibu na mlango akisikiliza.

"Huo siyo mlio wa karoti," alisema.

"Ni karoti, mama."

"Unakata kwa mkono gani?"

Chapuchapu akavuta karoti nyingine.

"Nilijua," alisema mama. "Nilikwambia toka zamani, mkono huo hauna akili."

Maneno hayo yalimchoma. Yangemchoma kidogo kama asingekuwa anayaamini. Aliendelea kukata mpaka bega likawaka moto, na Jumatano akaamka akaanza tena. Karoti zikaisha, akanunua nyingine. Jirani alipelekewa ndoo ya vipande vya upogo, akashukuru, akauliza kama kuna harusi. Mpaka saa kumi alasiri Jumatano, vipande vilikuwa vile vile, vya mtu anayekata huku anasukumwa. Chapuchapu aliweka kisu chini, akakaa. Aliogopa. Hakuwa amejiruhusu kuogopa toka alipoanguka, na sasa hofu yote ilikuja kwa mkupuo. Aliliona lile dirisha, akaziona sahani, akajisikia akisema "mwingine".

"Mbona kimya?" aliuliza mama.

"Nimeshindwa."

"Leta hicho kisu nikione."

Kuona kwa mama kulikuwa kushika. Alikipokea, akapitisha gumba upande mmoja wa makali, polepole, toka shina mpaka ncha. Akakigeuza, akapitisha upande wa pili. Akarudia. Uso wake ukabadilika.

"Huku kumelala," alisema. "Bapa kabisa. Huku kumeinama. Wamekinoa upande mmoja tu."

"Ndivyo walivyo Wajapani, labda."

"Sijui Wajapani. Najua mkasi." Mama alikishika kisu kwa mkono wa kulia, akakatakata hewani mara mbili, kisha akakihamishia kushoto. "Mkasi una bapa na mwinamo. Ukiushika kwa kulia, mwinamo unakaa nje na kitambaa kinakatika. Ukiushika kwa kushoto, kila kitu kinageuka, kinasukuma badala ya kukata. Hiki ni hivyo hivyo. Hiki ni kisu cha kulia, mwanangu. Ungekipa malaika mashoto, angepinda naye."

Chapuchapu alisimama. Alichukua kile kisu, akakipeleka dirishani, akakitazama kwenye mwanga. Ni kweli. Upande mmoja mwinamo mpana unaometa, upande mwingine bapa kama kioo. Siku mbili nzima alikuwa amekitazama bila kukiona.

Alipogeuka, mama alikuwa ameinamisha kichwa.

"Mkasi wangu ulikuwa hivi hivi," alisema mama. "Ule niliokupa. Mkono wako haukuwa na kosa. Mkasi ndio haukuwa wako. Fundi mzima mimi, nashika mikasi kila siku, sikuliona hilo. Nikachukua utepe, nikakufunga."

Hapo watu wengi wangetarajia akumbatiwe. Chapuchapu alikasirika. Alikasirika kwa ajili ya mtoto wa miaka sita aliyelia kimya kimya akijaribu kukwarua mgongo kwa mkono uliofungwa, na kwa ajili ya mwanamke mzima aliyejificha ndani ya nyumba yake ili akate kitunguu.

"Nilikuwa na miaka sita, mama."

"Najua. Niliyekufunga ni mimi."

"Na juzi dukani nilishika kwa kulia. Kwa haya. Mtu mzima kama mimi!"

"Najua," alisema mama tena. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nisamehe."

Chapuchapu hakusema amesamehe. Alifuta kisu, akakifunga kwenye boksi lake, na alipopita kwenye kile kiti alimshika mama bega akalikaza kidogo. Kisha akaenda kumpigia binti yake simu.

"Kesho tunarudi dukani," alisema.

"Mama, wameandika ukutani kwamba kisu kilichokata hakirudi."

"Wameandika wao. Nitakwenda kuwasomea vizuri."

Alhamisi asubuhi duka lilikuwa limejaa. Mwenye duka alimwona, akaliona na boksi, akaanza kutikisa kichwa kabla hajafika kaunta.

"Mama, samahani, kilichokata hakirudi. Ubovu wake ni nini?"

"Hakina ubovu. Nipe karoti."

Akapewa. Mbele ya watu wote, Chapuchapu aliweka mkoba chini, akashika Mjapani kwa mkono wa kushoto, akakata vipande vitatu. Vikatoka upogo. Akamgeuzia mwenye duka mpini.

"Sasa kata wewe."

Mwenye duka akakata kwa kulia. Vikatoka vimenyooka. Alivitazama vya huku na vya kule, akapandisha miwani.

"Kisu hiki kinanolewa upande mmoja," alisema. "Wapo Wajapani wengi wanaonolewa pande zote mbili, ila huyu ni wa kulia tu. Mbona hukuniambia unatumia kushoto? Juzi ulishika kwa kulia, niliona mwenyewe."

"Kwa sababu niliona haya," alisema Chapuchapu. Alisema kwa sauti, mpaka mzee aliyekuwa akichagua birika akageuka. "Mimi ni mashoto. Juzi niliona haya kusema. Leo sioni."

Hakuna aliyecheka. Yule mzee aliitikia kwa kichwa kana kwamba ameambiwa habari ya kawaida, akarudi kwenye birika lake. Miaka arobaini na sita ya kujificha, na watu wenyewe wana shughuli zao!

"Naweza kukuagizia Mjapani wa kushoto," alisema mwenye duka. "Wapo. Mwezi mmoja, labda mwezi na nusu."

"Mimi nina kesho na keshokutwa asubuhi. Niletee Mjerumani."

"Juzi ulisema mzito."

"Juzi alikuwa mzito kwa mkono mwingine."

Taulo likatandikwa tena. Safari hii mkono wa kushoto haukumwomba mtu ruhusa. Alimtazama Mjerumani kwenye mwanga, akaona mwinamo huku na mwinamo kule, sawa kwa sawa, kisu kisichouliza wewe ni wa upande gani. Uzito uliomwumiza Jumatatu sasa ulikaa kiganjani ukatulia. Alishusha mara moja na karoti ikakatika kwa uzito wa chuma wenyewe. Makali hayakuwa kama yale ya Mjapani. Kipande hakikung'aa. Lakini kilikuwa sawa juu na sawa chini, na cha pili kikafanana nacho, na cha tatu.

"Na huyu aliyetumika?" binti aliuliza kwa wasiwasi, akikitazama kile kibao cha ukutani.

Mwenye duka alishusha pumzi. "Atakwenda kwangu. Mke wangu amemtamani toka mwaka jana. Mwambie mama asiniharibie kibao changu kwa kusimulia."

Ijumaa nzima nyumba ilisikika kama karakana. Kufika adhuhuri mkono ulikuwa umepata mwendo. Kufika alasiri, mama kwenye kiti chake alisema, "Huo sasa ndio mlio wa karoti." Kazi ya mkono wa kulia ilikuwa kushikilia tu, vidole vimekunjwa, gumba limejificha nyuma, na kwa kazi hiyo hata gumba mgonjwa alitosha.

Jumamosi alfajiri Chapuchapu alioga, akavaa, akatafuta kisu mezani asikione. Alikuwa nacho mama. Alikuwa ameamka kabla yake, amekaa wima, Mjerumani ameviringishwa kwenye kitambaa kipya kilichopindwa pembeni kwa mkono. Mishono ilikuwa mikubwa na haikufuata mstari, ya fundi asiyeona.

"Chukua," alisema mama.

Chapuchapu akanyoosha mkono wa kulia, kwa mazoea, kama mtu anavyopokea kitu kwa mzazi wake. Mama aligusa vidole vyake, akavitambua, akavirudisha.

"Siyo huo," alisema.

Akanyoosha wa kushoto. Mama akaushika kwa mikono yake yote miwili, mahali pale pale utepe ulipokuwa ukipita, akaweka kisu kiganjani na kuvifunga vidole kimoja kimoja.

"Nenda," alisema. "Usichelewe."

Jikoni kulikuwa na mvuke na kelele za kawaida. Ndoo tatu na kabichi kumi vilimsubiri kwenye ubao wake wa zamani, katikati ya meza ndefu. Kushoto kwake alisimama Mama Pacha, ambaye wamesimama jirani miaka tisa, na ambaye alimkonyeza. Mpishi Mkuu alitazama saa, akasema, "Haya, dada," akaenda zake.

Alipofungua kitambaa na ikaonekana kisu kiko mkono gani, meza nzima iligeuka kutazama. Masikio yakamwaka moto. Akajikaza. Akaweka karoti ya kwanza.

Robo saa ya kwanza ilikuwa mbaya. Alikuwa na pupa, na kila mara kiwiko chake cha kushoto kiligongana na kiwiko cha kulia cha Mama Pacha, mpaka Mama Pacha akanong'ona, "Jamani, Chapuchapu, umekuja kupigana?" Akacheka, na kucheka kukamlegeza bega. Akaacha kushindana na saa. Akamwachia Mjerumani uzito wake, yeye akaongoza tu. Ndoo ya kwanza ikaisha. Ya pili ikaisha upesi kuliko ya kwanza. Vitunguu vilimliza kama vinavyomliza kila mtu, navyo vikaisha. Kabichi ya tano, ya saba, ya tisa. Alipoufuta ubao, alinyanyua macho kwenye saa ya ukutani. Saa nne kasoro dakika nane.

"Mmelala?" aliwauliza wenzake, na jikoni kukalipuka kicheko.

Mpishi Mkuu alikuja. Hakucheka. Alichota konzi ya karoti toka chini kabisa ya ndoo, mahali ambapo mtu mjanja angeficha mbovu, akazipanga kwenye ubao, mstari mmoja. Akainama akazitazama kwa usawa wa jicho. Akasukuma moja kwa kidole, akairudisha.

"Dada," alisema Mpishi Mkuu hatimaye, bado ameinama. "Tangu lini umekuwa mashoto?"

Chapuchapu alifuta kisu, huku na huku.

"Tangu nizaliwe."

Mpishi Mkuu alisimama wima. Alimtazama yeye, akamtazama Mama Pacha aliyekuwa akisugua kiwiko, akaitazama meza yote toka mwanzo mpaka mwisho.

"Basi hapa hapakufai," alisema. "Utamvunja mwenzako mkono. Jumatatu ubao wako uwe kule mwisho wa meza, upande wa kushoto."

Chapuchapu hakungoja Jumatatu. Alibeba ubao wake saa ile ile, akapita nyuma ya migongo ya wenzake mpaka mwisho wa meza, akauweka chini, na kisu akakilaza upande wa kushoto.